Pole Aliyopewa Mzungu wa Baba Kulwa

Jumanne, Nyarugusu

Bado nina hasira. Baba Kulwa, mnunuzi wa dhahabu, alitaka nimchoree waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, eti awafurahishe wageni wake. Nikamchora kibonzo: tumbo hilo, anameza duara zima, shimo la kuchimbia dhahabu, pamoja na wachimbaji wake.

"Futa! Mtu mzima umemfanya mlafi!"

Nikamchora upya, na tai. Akamtia kwenye fremu kubwa ukutani mwa duka lake, kama tunavyowatundika marehemu wetu.

Jioni shangazi yake akafika kutoka Mhunze. Kuiona tu, akavua viatu, akaketi chini.

"Poleni na msiba, mwanangu. Mbona hamkuniita mazishini?"

Sikuweza kucheka. Kaka yangu alifukiwa kwenye duara la Baba Kulwa. Pole ya kwanza kutolewa dukani humo kapewa Mzungu.