Mkono wa Kulia wa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Aprili 2016

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Baridi. Nimepasha mikono kwa maji ya moto kabla ya mteja wa kwanza, kama kila siku.

Wateja wanne leo. Wa tatu mama anayefanya kazi ghalani, shingo inamuuma mwaka wa sita. Nimeushika utando wa shingo yake dakika tano bila kusukuma. Utando ni ile ngozi nyeupe nyembamba unayoiona ukichuna kuku. Kwa binadamu umefunika kila msuli, na ukikaza unabana kama shati lililorudi baada ya kufuliwa. Ukiubonyeza kwa nguvu unazidi kukaza. Ukiungoja unalegea. Umelegea. Mama kageuza shingo pande zote mbili, kisha katokwa machozi. Nimefurahi.

Nyumbani si shwari. Wakwe wamefika jana kutoka Reynoldsburg, kando ya Columbus. Mume wangu Dieudonné alimwambia baba yake aje kwetu, Louisville kuna mtaalamu wa maumivu. Hakusema mtaalamu ni nani. Leo mezani mzee kauliza, "Huyo daktari namwona lini?" Dieudonné kaninyooshea kidole. Mzee kaweka kijiko chini.

Mimi ni mkwe wake. Simtaji jina. Simgusi. Hata chumvi naiweka mezani, anaichukua mwenyewe. Naye ananiita Mama Bella, kwa jina la mwanangu. Miaka tisa tumeheshimiana hivyo. Mume wangu kaangalia leseni yangu ya tiba ya mikono ukutani, kasahau mimi ni nani kwa baba yake.

Jumanne, 5 Aprili

Mawingu.

Harusi ya wifi yangu Chantal ni tarehe 30, Buffalo. Katika ukoo wao baba husimama mbele ya maharusi nao wamesimama, akainua mkono wa kulia juu ya vichwa vyao, akabariki. Mkono wa kulia wa mzee hauvuki kifua tangu alipoanguka akijenga nyumba kambi ya wakimbizi, Tanzania. Wa kushoto hataki kuusikia. "Nimbariki mwanangu kwa mkono wa kushoto? Bora nibaki." Na bwana harusi ni mrefu kama nguzo ya umeme.

Nimemuuliza Dieudonné kwa nini alificha. "Nilidhani mtaelewana." Nimemwambia akadhanie nje.

Kliniki kuna mwanamume mmoja tu mwenye kazi kama yangu. Nafasi yake ya kwanza ni katikati ya Mei.

Mama mkwe ndiye kamaliza kesi. "Mikono ninayo mimi. Ujuzi unao wewe. Tatizo nini?"

Jumatano, 6 Aprili

Jaribio la kwanza. Mzee kakaa kwenye kiti sebuleni, mgongo kwetu. Mimi jikoni, nyuma ya pazia. Kwanza nimeuliza kupitia kwa mama: vidole vinakufa ganzi? Hapana. Mkono unaishiwa nguvu? Hapana. Daktari wa Columbus alipiga picha, mfupa umeunga. Sawa.

Nilipogeuka kuchukua daftari, mama keshampaka mafuta bega zima na anakanda kama unga wa chapati. Mzee kapiga kelele.

"Mama Bella! Mwambie huyu mwanamke mimi si donge!"

"Nyamaza, mzee. Ulipokuwa unalima hukulia hivi."

Nimecheka nyuma ya pazia mpaka nikakaa chini. Lakini kazi imeharibika. Kwa mafuta mkono unateleza, utando haukamatiki.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimebadili mpango. Mama hawezi kujifunza kwa maneno. Nimemlaza yeye kwanza kitandani kwangu. Nimeweka kiganja begani pake, pakavu bila mafuta, nimengoja. Baada ya muda kasema, "Kuna kitu kimetembea." Nikamwambia hicho ndicho utakachokitafuta kwa mzee.

Kwa hiyo ninachomfanyia yeye, yeye anamfanyia mumewe. Mikono yangu inamfika bila kumgusa. Nimeliwaza jambo hili siku nzima kazini. Sioni kosa.

Jumamosi, 9 Aprili

Jua. Mama hana subira. Nikisema dakika tano, anaondoa mkono baada ya moja. Saa ya ukutani haiamini. Leo nimemwambia aimbe wimbo wa kanisani polepole, beti zote, asiondoe kiganja mpaka wimbo uishe. Amefaulu. Mzee kaimba sauti ya chini naye. Wimbo wa tatu bega limeshuka lenyewe, nimeliona kupitia upenyo wa pazia.

Nimechora alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango, vidole vilipofika. Kifuani.

Jumatano, 13 Aprili

Alama ya pili. Vidole vitatu juu ya ya kwanza.

Jumamosi, 16 Aprili

Alama usawa wa bega. Mzee kaiangalia muda mrefu. Jioni kala sahani mbili.

Jumatatu, 18 Aprili

Siku mbaya.

Jana nilichukua zamu ya mwenzangu. Mama kaona mambo yanaenda, kaamua kuyakimbiza. Katumia kiwiko. Leo bega limevimba, mkono umerudi kifuani. Mzee hataki kuona mtu. "Mpigieni mdogo wangu simu. Atabariki yeye. Mimi nirudisheni Columbus."

Mama analia jikoni. Nimemkasirikia, kisha nimejikasirikia mwenyewe zaidi. Nilimfundisha kushika. Sikumfundisha kuacha. Kosa la mwalimu.

Nimesimama nyuma ya pazia nikasema kwa sauti, wote wasikie: kosa ni langu, siku tatu hakuna kugusa, kitambaa chenye barafu tu, Ijumaa uvimbe ukiwa haujaisha tunakwenda kwa daktari, na mdogo wake asipigiwe simu kabla ya hapo. Sijawahi kumpangia mzee jambo lolote.

Mzee kajibu: "Mwambieni nimesikia."

Ijumaa, 22 Aprili

Uvimbe umeisha. Tumeanza upya, nusu ya muda. Nimemfundisha mama pa shida hasa: kwapani, ukuta wa ndani wa bega. Kaogopa. Nimemwekea vidole kwapani pake ili ajue kina. Kaninasa kibao mkononi, anatekenyeka. Tukaanza tena.

Kwa mzee kaingiza vidole kidogo, kaimba. Mzee hakuimba, alikuwa anapumua tu. Nikamsikia akisema, "Hapo. Ndipo nilipoangukia."

Jumatano, 27 Aprili

Alama juu ya sikio. Nimepima mara mbili. Kesho kutwa tunasafiri.

Jumamosi, 30 Aprili. Buffalo

Kumepambazuka kijivu, upepo wa ziwani. Tumelala kwa ndugu, North Buffalo, watu kumi na mmoja vyumba viwili. Mama kamfanyia mzee kazi chumbani mlango umefungwa. Mimi nje ya mlango. Nyimbo mbili tu, nimesema. Kanitii.

Ukumbini nimekaa na wanawake, mstari wa nne. Zamu ya baba ikafika. Chantal kasimama, bwana harusi kasimama. Bwana harusi alikwisha kuambiwa habari za bega. Kainama, shingo chini, kwa heshima.

Mzee kamtazama. "Simama wima, kijana. Sikuja Buffalo kuinamiwa."

Ukumbi ukacheka. Bwana harusi kanyooka. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Kifua. Bega. Pale kwenye bega ukasimama. Hakusukuma. Kangoja. Hajawahi kufundishwa na mimi uso kwa uso, lakini kangoja kama nilivyosema kwa mama siku ishirini. Ukapanda tena. Ukapita kichwa cha binti yake, ukapita kichwa cha nguzo ya umeme, kiganja kikafunguka juu yao. Kabariki kwa Kirundi mpaka mwisho, wala hakufupisha. Mwishoni mkono ulikuwa unatetemeka. Haukushuka.

Wanawake wamemzunguka mama mkwe: mikono yako ina baraka. Nimeona mama akinitafuta kwa macho. Nimetikisa kichwa, aache. Mikono ni yake kweli. Kazi ni yangu. Najua.

Nina fahari. Naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 2 Mei

Anga safi, baridi kidogo. Jana tuliwashusha wakwe Reynoldsburg tukafika Louisville jioni. Leo wateja watano.

Mama kapiga simu saa kumi. Jirani yake anaumwa mgongo, mama anataka kuanza naye. Nimemwambia aulize kwanza kuhusu ganzi, na asimshike kabla sijaongea na huyo jirani mwenyewe. Kalalamika kidogo, kakubali. Nyuma yake nimesikia vyombo vikigongana. Nikauliza nani anaosha. "Mzee. Anavipanga kabatini, rafu ya juu. Amekataa kusaidiwa."

Bella amelala. Dieudonné yuko zamu ya usiku. Nimefua mashuka ya kliniki, nimekunja. Viganja vimechoka, maumivu hakuna.

Nazima taa. Saa nne kasoro dakika kumi.