Gari Lenye Macho ya Mviringo

Hospitalini, Kyela mjini,
Alhamisi mchana.

Kwa dada yangu mpendwa Asifiwe,

Mugonile, dada. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Tukuyu haijakurudishia kile kifua chako. Mama naye magoti yanaendeleaje? Mimi kiafya sijambo, namshukuru Kyala. Usishtuke kuona nimeandika hospitalini. Anayeumwa si mimi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva cha gari la watu, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani, na simu yangu ya tochi imebaki Njisi juu ya kabati. Hata ningekuwa nayo nisingekupigia. Kwa simu ungenikatisha kila neno kwa "vumilia", na leo sitaki kukatishwa.

Barua hii nitampa dereva wa Hiace anayepandisha huko jioni, maana nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa wengine. Watakupigia, dada. Watakwambia mdogo wako Tusekile hana adabu, amemtaja baba mkwe wake kwa jina mbele za watu. Ni kweli, nimemtaja. Ila soma kwanza mpaka mwisho, kisha ukasirike ukipenda.

Unajua nilivyoletwa Njisi. Mama mkwe alipofariki, Nelson aliniambia nikae na baba yake kwa muda tu, mpaka lile gari litoke. Wewe kila nilipoanza kukueleza habari za gari ulicheka, kwa hiyo hukulielewa kamwe. Huyu mzee ujanani alikuwa dereva wa mhandisi wa bandari kule Itungi, enzi zile meli zikitoka pale kwenda kusini. Alimwendesha kwenye kigari kidogo, cha pembe nne, chenye pua fupi na taa za mviringo kama macho ya bundi. Anasema kilikuwa kikipita kwenye matope ambako malori yalilala. Sasa kampuni moja huko ng'ambo ikatangaza kwamba italirudisha gari lile: sura ya babu, matumbo ya kisasa, dogo lakini limeinuka kwa ajili ya barabara mbovu. Nelson, ambaye kama unavyojua anauza magari Dar, akaapa kwamba yakitoka tu, la kwanza ni lake. Atalileta Njisi mwenyewe, atampeleka baba yake Itungi akalione gati tena, kisha mimi nitakaa mbele na tutaondoka wote kwenda Dar. Likitoka tu. Dada, nimezeeka ndani ya maneno hayo mawili.

Na ule mwiko wetu wa mkwe nao ndio ulionimaliza. Wengine siku hizi wanakaa sebuleni na baba wakwe zao wanatazama taarifa ya habari pamoja. Nyumba ile, thubutu! Sikuruhusiwa kuuona uso wake, wala kukutana naye njiani, wala kulitamka jina lake. Nikisikia kikohozi tu, naruka migombani. Nimejificha migombani na ndoo ya maji kichwani, nimejificha na sufuria ya uji wa moto mkononi, na siku moja nilirukia kokoa iliyoanikwa nikaikanyaga yote. Chakula chake naweka kwenye kigoda, napiga makofi, naondoka. Nimemfulia mashati mpaka nayajua viraka, lakini ningepishana naye sokoni Kyela nisingemjua.

Mkalimani wetu alikuwa jogoo. Usicheke. Mzee akiwa na neno kwangu, anakaa barazani na kumwambia jogoo, nami jikoni nasikia. Nikiwa na jibu, namwambia jogoo yule yule. Hata Krismasi hakuna aliyethubutu kumchinja. Jioni mzee alikuwa akisikiliza ile simu kubwa aliyotumiwa na Nelson, kisha anamjulisha jogoo habari za gari: kwamba wiki hii wamechagua rangi, na mojawapo ni ya chai ya maziwa, kwamba taa zimeonekana kuwa na kasoro, zinatengenezwa upya, kwamba sasa yanasubiri meli. Nami, mjinga mimi, namtuma jogoo aulize kama mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu au pembeni. Tulikuwa tunacheka, dada, kila mtu upande wake wa ukuta. Furaha nyingine sikuwa nayo pale.

Nikishalala naanza safari ya Dar kichwani. Natia gia, napanda Uyole, nashuka Makambako, Iringa ile paleee. Leseni yangu naiweka ndani ya Biblia. Mimi niliyeendesha pikapu ya mnunuzi wa kokoa Ipinda nzima wakati wa masika, leo mwendo wangu mrefu ni kutoka jikoni hadi kisimani. Mara moja nilibeba begi nikafika barabarani. Nikakutana na akina mama wametoka kuvuna mpunga, wakaniuliza kwa upole kabisa ni nani anampikia mzee leo. Nikasema nimefuata chumvi. Nikanunua chumvi, nikarudi nayo na begi langu. Nawe nilipokuandikia ukanijibu kwamba subira yavuta heri. Haya, nimevuta. Nimevuta mpaka viganja vimechubuka, na Nelson kwenye simu alikuwa anazidi kuwa mfupi wa maneno, "mko salama, gari bado, nitapiga", basi.

Leo asubuhi karibu kijiji kizima kimekwenda msibani Ipinda, wamejaa kwenye lori tangu alfajiri. Mimi nimebaki kwa sababu mzee alisema hajisikii vizuri. Nikaweka uji, nikapiga makofi, kimya. Nikasikia anaguna, mguno wa mtu anayeuma meno. Nikamtuma jogoo aulize kuna nini. Nikamtuma mara ya pili kwa sauti kubwa. Ndipo mzee akamwambia jogoo kwamba haja ndogo imegoma kutoka tangu jana, na tumbo limekuwa kama ngoma. Yesu wangu, dada! Baba mkwe kumwambia mke wa mwanawe neno kama lile, hata kwa kumpitia jogoo, nilijua kifo kimefika mlangoni.

Nikakimbilia barabarani. Bodaboda akaja, akamwona mzee, akasema huyu hawezi kupanua miguu kwenye pikipiki. Pale barabarani kuna duka la Athumani, na nyuma ya duka ana kigari chake cha miaka mingi. Nadhani umeshabahatisha: ni kile kile, cha pembe nne, pua fupi, macho ya mviringo, jicho moja limefungwa waya. Lakini Athumani mguu wake uko kwenye plasta. Mkewe Shamsa akanirushia ufunguo, akaniuliza kama ile leseni ninayojivunia kila siku ni ya kuendeshea sufuria. Bodaboda akamkokota mzee taratibu hadi pale, wakamwingiza kiti cha nyuma, Shamsa akimshika, Athumani akijikongoja na gongo, nami muda wote nimesimama nyuma ya duka nikiutazama ukuta. Kisha nikaingia bila kugeuka, nikavua khanga yangu nikaifunga kwenye kile kioo cha juu cha kutazamia nyuma ili nisimwone. Shamsa, aliyebaki nje dirishani, akauliza naendesha gari au naanika nguo. Nikawasha injini.

Dada, kuliingiza gia gari baada ya muda wote ule! Mikono ilikumbuka yenyewe. Haki ya Mungu, mzee anakufa nyuma yangu na mimi moyoni nilifurahi, nakwambia ukweli. Vioo vya pembeni vya gari lile viliibwa zamani, kwa hiyo nikawa naona mbele tu. Nikakuta shimo limejaa maji, nikalikwepa kwenda kulia, kumbe nyuma kuna lori la mpunga linanipita. Honi ililia sikioni mwangu, na lori likapita limetuachia upana wa kiganja. Nikasimama.

Hapo mzee akasahau maumivu. Udereva hautoki mwilini. Akaligombeza gari, si mimi, akaliambia kwamba kitambaa kwenye kioo ni ujinga gani huo, kwamba gari lisiloona nyuma ni jeneza, na kitolewe sasa hivi, na kama kuna dhambi ya mwiko basi iwe juu yake. Nikafungua khanga. Nikaangalia kioo kwa woga kama mwizi. Sikuona uso. Alikuwa ameshalivua kofia lake pana na kujifunika nalo usoni. Na maumivu yale yote, alikuwa bado anatunza upande wake.

Nikatia gia tukaendelea. Na chini ya kofia lile akaanza kuongea na gari, polepole, akikata maneno kila tukigonga shimo. Aliliambia kwamba mwenzake mpya, aliyefanana naye, ameshatoka zamani. Ametoka kabla hata mpunga wa mwaka huu haujapandwa. Nelson analo, anatembelea nalo Dar kila siku, na alimtumia baba yake picha: kiti cha mbele amekaa mwanamke mwingine, amepakata mtoto mchanga. Nelson alimwomba asiniambie mpaka apate namna. Naye mzee akanyamaza. Si kwa ajili ya Nelson, alisema. Alinyamaza kwa ajili ya uji, na ya moto jikoni, na ya kusikia mtu akicheka upande wa pili wa ukuta. Alijua nikijua nitaondoka na yeye atabaki na jogoo. Ndiyo maana kila jioni alitunga: taa zina kasoro, meli imechelewa. Akaliambia gari kwamba ameniibia siku zangu, na hataki kufa nazo. Mwisho akaliamuru, kama dereva anayemwachia mwenzake zamu, kwamba likishamshusha yeye hospitalini lisinirudishe tena nyumbani kwake.

Ulishawahi kukasirika mpaka masikio yakaziba? Nilitamani nimshushe pale pale kwenye matope, yeye na kofia lake. Ule umbea wa rangi na taa, kicheko kile, kumbe kilikuwa kufuli! Nililia huku nabadilisha gia. Nikamlilia Nelson, nikamtukana, nikajitukana na mimi. Wala sikusimama. Kwa nini sikusimama sijui, labda kwa sababu na mimi udereva hautoki mwilini. Nilikwepa mashimo yote, hata madogo, ili asiumie.

Hapa mapokezi wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, kofia bado usoni. Muuguzi akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema ni baba mkwe. Akasema kwa upole kwamba wakwe nao huwa na majina. Nyuma yangu foleni, na ndani yake wamo wa Njisi wanaonijua. Mzee hakuwa hata na nguvu ya kuguna. Nikafikiria: natunza nini hapa? Mwiko wa nyumba gani? Nikalitaja. Nilisema kwa sauti, karibu na kupiga kelele, kwamba anaitwa Ambwene. Bibi mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Kama nililisema kwa hasira au kwa huruma, dada, hata sasa sijui.

Chini ya kofia mzee akaitika, "Naam." Kisha akaliondoa. Ana macho ya Nelson. Muda wote ule nimeishi naye sikulijua hilo. Ni yale yale kabisa, ila haya hayakukwepa.

Wamemwekea mpira, mkojo umetoka, tumbo limeshuka, amelala. Dada yake, shangazi Maria, ametoka msibani akafika, na amesema atamchukua Ipinda akakae kwake. Kumbe siku zote ilikuwa inawezekana. Hakuna aliyeulizwa, kwa sababu mimi nilikuwepo. Nataka nikwambie pia kwamba naumia. Nikiwaza lile jiko bila moto na jogoo barazani anasubiri habari, roho inanikata. Lakini sirudi kukaa. Nimeambiwa niende na mwenye haki ya kuniambia.

Kabla sijatoka wodini alifumbua macho. Nilikuwa na swali moja tu, nikamwuliza mwenyewe, uso kwa uso: lile gari la Nelson lina rangi gani? Akasema ya chai ya maziwa. Hilo tu hakunidanganya.

Basi dada, namrudishia Athumani gari lake, nachukua Biblia yangu na lile begi, kesho nipo kwako. Nisalimie mama, umwambie taratibu, asije akaanguka. Wasalimie watoto, na shemeji umwombe radhi kwa ajili ya mgeni asiyejua ataondoka lini. Ndaga fijo kwa kunisoma mpaka hapa. Usinijibu kwa anwani ya Njisi.

Ni mimi mdogo wako,
Tusekile,
dereva.