Mwenye Kuuliza Maua na Mwenzake

Mujukuu yangu Ilunga,

Jambo sana huko Lubumbashi. Hapa Dilala tuko bazima. Mama yako alipona malaria, na mbuzi ya jirani ilikula tena mihogo yenye nilianika.

Barua yako nilisoma mara tatu. Unauliza ile maua nyekundu yenye kupanda juu ya miti, yenye kujishikilia na ncha za majani, inaota wapi kule kwetu Mutshatsha. Unasema ni profesa anataka kujua. Profesa gani?

Wakati nilikuwa musichana, banaume babili balifika kwetu. Mumoja aliuliza ile ile maua. Kwetu kila mutu anajua kama maua inaweza kuonyesha shaba chini ya udongo, basi baba yangu akamudanganya, akamupeleka mbali, ku muto. Kumbe maua ilikuwa kule pia. Akafurahi kama mutoto, akaipanga mu makaratasi ya gazeti, akaenda. Hatukumuona tena.

Mwenzake hakuuliza kitu. Sisi wote tulikuwa tunachunga mwenye maua. Yeye alibakia ku lupango, pale nyumbani kwetu, mama akamupa bukari, akakula polepole, macho chini, kisha akatia jiwe moja mu mufuko. Ule ndiye alirudi na bijiti bya kupima, na shamba yetu ikaisha, bakaichimba shaba.

Maua inaota ku kichuguu, nyuma ya gare ya treni ya Mutshatsha. Peleka profesa yako aione. Lakini niandikie kwanza ni nani atamusindikiza.

Kambo yako mwanamuke