Tulikuzika kwa Maharagwe

Mama Nyafwono,

Kwa heshima na taadhima natangaza rasmi: kiti chako cha plastiki, ulichokalia kuwafundisha wanawake wa Mulanda habari za akiba, kimevunjika mguu. Kilivunjika nikiwa juu yake, siku ya kwanza nilipofundisha peke yangu, wewe ukiwa kitandani. Darasa lilicheka sana. Sijaliona limejaa tena.

Nikuambie ya mazishi yako, maana hukuyaona. Ufunguo wa tatu wa sanduku la akiba la kikundi uliniachia mimi. Ulipofariki, wanawake walikuja na funguo zao mbili: tufungue, tutoe akiba ya mwaka mzima, tununue ng'ombe wa kulisha waombolezaji. Humo mlikuwa na ada za watoto wao. Nikasema mfuko wa matanga, tunaouweka kando ya sanduku, unatosha jeneza, unga na maharagwe, kama ulivyotufundisha mwenyewe. Mama Nyaketcho, rafiki yako wa kufa na kuzikana, akanikamata shati. "Wewe Owor nataka mama nazikwa kama kuku?"

Nilikataa. Sanduku hufunguliwa Jumatano tu, nawe ulizikwa Jumamosi. Wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, Kenya, walikula maharagwe wakitazamana. Mimi nilikula nyuma ya nyumba, nikilia, na sijui kama nilikulilia wewe au ile sahani.

Baada ya hapo hakuja mtu darasani. Wiki sita, Mama, mimi na chati zako ukutani.

Nakumbuka tukirudi kwa miguu kutoka Merikit, muuza samaki akatusimamisha kujisifia faida. Ukamwuliza, "Na miguu yako je, umeilipa?" Akaanza kuhesabu upya. Mimi wa darasa la saba nikajua kumbe duniani kuna kazi ya kuuliza swali moja kisha kufunga mdomo. Kuuliza nimejifunza. Kufunga mdomo bado.

Sijui kama nilikutendea haki. Ungekuwepo ungenicheka, na hicho kicheko ndicho... basi.

Lala salama, mama usiyenizaa. Nakuahidi: sanduku halitafunguliwa siku isiyo yake, hata nikifa mimi.

Mwanao, Owor.

Nusura nisahau: jana Jumatano wamerudi kumi na tisa, Mama Nyaketcho mbele. Kumi na saba walikuja kuomba mkopo.