Beseni Inanyamaza

Mudende, tarehe 3 mwezi wa pili 2026

Kwa mutoto wangu Cyiza,

Salamu mingi kutoka huku juu kwenye baridi. Mi niko muzima, goti tu ndio inanikumbusha miaka yangu. Ng'ombe imezaa ndume, kichwa ngumu, haisikie mutu, nikaipa jina yako. We uko namna gani? Unakula? Mvua ikinyesha unavaa pull ya baridi?

Nakuandikia Kiswahili juu ni Kiswahili masista walinifundisha kuandika kule Goma. Kinyarwanda naongea siku muzima lakini kalamu yangu haikijui. Barua nampa Régis, ule wa camionnette, gari ya kubeba viazi.

Utauliza kwa nini situmi kwa simu. Sikia vizuri. Unajua kila siku nikimaliza kukamua, nakaa kwa kiti, nafungua video zako za kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. We unagonga beseni mara tatu, ko ko ko, vile ulikuwa unagonga mulango yangu ukichelewa na mbuzi. Halafu unasema, "Mama, niko muzima!" Nasikia, nacheka, naenda kupika. Hiyo ndio habari yako iko inanifikia, juu we mwenyewe hujapanda huku tangu Noheli ya 2024.

Bon. Siku ya Mungu nimefungua. Uso ni yako. Shati ni ile ya maua. Mudomo inatembea. Lakini mwenye kusema hapana we. Ni mwanaume mugeni, anasema Kingereza, polepole, kama mutu anasoma tangazo ya mazishi. Mukono yako inapiga beseni, beseni inanyamaza.

Nikakupigia. Ukajibu, "Mama, niko muzima." Mukagasana wa jirani alikuwa hapa, akaniambia, "Libérata, uchunge! Siku hizi mashini inavaa sauti ya mutu kama koti." Nikakata. Mpaka leo sijui nimeongea na nani.

Kama we ni we, andika na mukono. Mukono yako naijua, ni kama kuku imetoka kwa matope ikapita kwa karatasi. Na unijibu hii: kule Goma, mbele volkano ilipuke, nani alivunja taa ya petroli ya baba yako?

Mama yako

---

Gisenyi, tarehe 5 mwezi wa pili 2026

Mama yangu mupendwa,

Kuku yako iko inaandika. Niko muzima, nimekula, na pull niko nayo, inanuka samaki tu. Goti, uipake ile mafuta nilikutumia. Ile ndume umwambie jina hiyo ina bahati na wateja lakini haina bahati na wanawake.

Taa ni mi. Nililia kwanza, ukafikiri ni Igihozo, ukamupiga. Mama, dada yangu ako na mume na batoto watatu huko Mahoko, na mpaka leo akiona taa ananiangalia vibaya. Sasa umejua. Usimwambie nimekubali kwa maandishi.

Bon, ile sauti. Usiogope, sijafa, sijauzwa. Wenye ile programu ya video wameleta kintu kipya. We unasema luga yako, mashini inageuza yenyewe. Mutu wa Brésil anafungua, ananisikia Kireno. Mutu wa Inde anafungua, Kihindi. Mi mwenye kutoka shule mwaka wa ine, siku mwalimu alileta zile hesabu za kukata namba juu na chini kama keki, leo nasema luga kumi na moja! Ule mwalimu wangu kama angali muzima, angefunga shule.

Mais vraiment, sijui kule nasema nini. Mama moja wa Brésil ameandika amecheka mpaka akalia. Mi nilikuwa nasema tu ile ya muteja alitaka sambaza yenye haina macho juu hapendi kuangaliwa akikula. Labda Kireno yangu iko na akili kuliko mi.

Simu yako, ule alikuuzia kule Mahoko aliiacha kwa Kingereza. Donc mashini inaona: huyu mama ni Muingereza. Inakuletea Kingereza. Ni hiyo tu. Mwenye kujibu kwa simu alikuwa mi, na umenikatia, nikabaki nasema peke yangu mbele ya wateja kama mwenda wazimu.

Bucura wako, mutoto wa mwisho,
Cyiza

---

Mudende, tarehe 11 mwezi wa pili 2026

Mutoto wangu,

Nimepata barua na nimekujua. Hakuna mashini inaweza kukubali kosa ya taa kisha miaka makumi mbili na tano. Igihozo nitamuomba musamaha, na ile fimbo ingali na deni kwako.

Mi muzima, goti imepunguza. Mukagasana anakusalimia, anasema we ni Cyiza kwa asilimia themanini.

Nimesoma mambo ya Brésil mara mbili. Ni muzuri, Mungu akubariki. Mais mi sina haja na Brésil. Kwa hiyo luga kumi na moja hakuna moja yenye inagonga beseni. Unirudishie ko ko ko. Kama mashini inataka kusema, iseme kisha.

Na usiniambie utapanda siku ya Pasaka. Pasaka ilisema Desemba, Desemba ikasema wateja. Sikulaumu. Nakumbusha tu njia iko.

Umekula leo?

Mama yako

---

Gisenyi, tarehe 14 mwezi wa pili 2026

Mama,

Nimekula, viazi vyako, Régis alileta. Viko vitamu kuliko vya huku, hata nikiambia wateja ni vya Mudende hawaamini mpaka waonje. Kifua tu inakohoa kidogo, ni moshi ya mafuta. Usitume majani ya dawa.

Sikia nikuambie kweli, bila michezo. Mbele ya hii kintu kipya watu walikuwa wananifuata elfu mbili na kidogo, na katika hao nusu ni wenye kunidai na nusu ni washemeji. Leo ni elfu makumi sita na moja. Hoteli moja kule Nengo, karibu na ziwa, imeniita: mwezi wa tatu watanilipa kupika sambaza mbele ya wageni na kutoa video. Mi, Mama! Na tablié nyeupe ya mupishi! Nikizima ile sauti ya mashini, wale wote wataondoka, na hoteli itaondoka nyuma yao. Nisikilize tafazali, siwezi kuizima.

Nimemuuliza Gakwaya, ule wa mandazi anakaa kando yangu kwa barrière ya mupaka, naye anatoa video. Anasema mashini inafikiri ko ko ko ni makelele, kama honi ama mbwa, inaifuta. Nikamwambia basi na video zako zote zingefutwa. Amekasirika.

Lakini iko njia. Kwa simu yako unaweza kunirudisha mi mwenyewe. Fanya hivi. Fungua video. Gusa na kidole kimoja, hapana na kiganja, Mama, kidole. Vitakuja vipicha vidogo vidogo pembeni. Angalia polepole, kisha chagua ile ya kwetu. Ni hiyo tu. Mi nitarudi na beseni yangu.

Ukishindwa uulize mutu. Mi ningepanda kukuonyesha, mais uliona mwenyewe kazi.

Bucura wako wa luga kumi na moja,
Cyiza

---

Gisenyi, tarehe 4 mwezi wa tatu 2026

Mama,

Salamu. Sijapata barua yako wiki mbili na zaidi. Régis anasema uko muzima, alikuona kwa barabara na jembe, lakini hakusimama juu gari haikuwa na frein ya kuisimamisha ya kuamini. Goti iko namna gani? Niandikie hata mustari moja.

Huku imeharibika. Jumamosi nilikuwa nauza vizuri. Jumapili asubui nafungua simu: konti yangu imefungwa siku kumi. Wameandika watu mingi wa fasi moja wamenishitaki. Wamesema video zangu ziko mubaya. Mama, mubaya namna gani? Ni samaki na beseni!

Nilijua ni nani. Nilienda moja kwa moja kwa Gakwaya, nikamwambia mbele ya watu wote, "We na mandazi yako yenye iko na mafuta kama motere, umenunua watu wanishitaki!" Akaniambia, "Sha Cyiza, mi nikiwa na feza ya kununua watu, ningenunua kwanza wa kula mandazi." Watu wakacheka, mi peke yangu sikucheka. Tangu siku hiyo hatuongee. Tunakaa kando kando, yeye anaangalia Congo, mi naangalia Rwanda.

Hoteli ya Nengo imepiga simu leo. Wamesema pole, hawawezi kungoja. Tablié atavaa mwingine.

Nagonga beseni ya kuuza tu, hapana ya video. Inasikika vibaya. Umefaulu kunirudisha kwa simu yako mbele wanifunge? Nilitaka kujua kama ulinisikia hata mara moja.

Mutoto wako

---

Mudende, tarehe 6 mwezi wa tatu 2026

Cyiza wangu,

Yoo, pole! Barua yako imenikuta nachimba viazi, ndio maana sikuandika, mvua ilikuwa inataka kuvioza. Na mi nilikuwa nangoja nikuandikie na habari nzuri. Niko muzima. We ndio nakuona hauko muzima, umeandika bila kujichekea. Umekula?

Wale wenye kukushitaki Mungu awaone. Mais usilie, hauko peke yako. Huku tumekufanyia kintu kikubwa.

Nilifanya vile uliandika. Kidole kimoja. Vipicha vikakuja. Uliniambia nichague ile ya kwetu, nikaangalia polepole: kimoja mukono, kimoja mushale, na kimoja kibendera. Nikasema hii ndio. Nini ingine ni ya kwetu kama hapana bendera? Nikagusa. Simu ikaleta Kingereza mingi mustari kwa mustari, nikachagua ya kwanza juu ya kwanza ndio ya heshima. Simu ikaandika "thank you". Hiyo hata mi naijua. Halafu video ikapotea, nikafikiri imeenda kwako kupeleka salamu.

Sauti yako haikurudi. Nikajua bendera ya mutu moja haitoshe.

Donc siku ya umuganda, ile kazi ya mudugudu muzima, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tulipomaliza mutaro na mukutano ikaanza, nimenyoosha mukono. Nikasema, mutoto wa hapa kwetu anauza sambaza mpaka Brésil, na mashini imemunyanganya sauti yake. Tumusaidie. Mukuu wa mudugudu akasema ni kintu cha kujenga. Simu zilikuwa kumi na tisa. Mukagasana alikuwa anapita anaonyesha kila mutu: video, kidole, kibendera, ya kwanza, thank you. Wenye simu za zamani wakapiga makofi. Tulikuinulia bendera kwa kila video, mwanangu, moja haikubaki. Nililia.

Sasa niambie, ilikufikia? Maana kwangu video zako zote zimepotea, na sikusikie tena hata kwa Kingereza. Ule mwanaume wa mazishi nilianza kumuzoea, alikuwa na uso yako.

Uchunge ile kohoa. Majani natuma, usinikataze.

Mama yako

---

Mudende, tarehe 8 mwezi wa tatu 2026

Mama,

Barua hii Régis hakuileta. Nimeianza asubui kwa mabegi ya mbolea ndani ya camionnette yake, ndio maana leo kuku imeandika na miguu yote mbili.

Ilinifikia. Bendera zote, moja haikupotea njiani.

Nilisoma barua yako kwa barrière, nikacheka mpaka nikakaa chini, sambaza ikamwagika. Gakwaya akasahau hatuongee, akakuja mbio, akafikiri ni kifua. Nikampa karatasi asome. Alisoma "thank you", naye akakaa chini. Wateja wakatupita kama tumekufa. Nimemuomba musamaha na sahani mbili, juu mwenye kunishitaki hapana yeye, akala tatu. Ametaka nikuulize kama mudugudu yenu inaweza kumufanyia na yeye, juu anataka konje, apumuzike kidogo.

Ile kibendera, nitakuambia maana yake nikiwa nimekaa karibu na we, kwanza umeshika kikombe. Mukuu wa mudugudu asijue. Mukagasana asijue mpaka kufa. Kwao mutasema Cyiza ameshukuru sana, na hapana uongo: mutu gani wa Gisenyi ameinuliwa na mulima muzima?

Kwa hoteli usifikiri. Hata ile tablié ilikuwa nyembamba.

Mama, kuna kintu nilihesabu njiani. Konti imefungwa wiki moja leo. Wale elfu makumi sita na moja wanaweza kuniandikia kwa kando, iko fasi ya kuandika. Nimeangalia mara mingi. Mama wa Brésil, hapana. Inde, hapana. Hakuna hata moja ameuliza kama nimekula. We kwa barua moja umeuliza, ukaniharibia kazi, ukanitumia majani.

Wakinifungulia, ile ya luga nitaiacha iendelee, nitafute hoteli ingine. Lakini simu yako haitaki maelezo ya karatasi. Inataka mutu aishike, aiondoe kwa Kingereza. Mi nilikufundisha na barua juu nilikuwa naogopa masaa moja ya barabara. Masaa moja, Mama. Nimeiona leo, ni fupi, hata na frein ya Régis.

Sasa niko hapa inje. Ile ndume yenye jina yangu inaniangalia kama mi ndio mugeni. Beseni niko nayo, sambaza iko ndani, mutu akule. Karatasi nasukuma chini ya mulango. Ukimaliza kusoma, weka miwani chini, usichukue simu.

Sikiliza.

Bucura wako