Jumatano ya Baba, Jumatano ya Kura

Kijiji cha Mthwaku,
Engcobo.
6 Oktoba

Mpendwa kaka Luvuyo,

U hali gani huko Cape Town? Na kifua je, baridi ya kiwandani imekuachia? Huku mimi na watoto wazima. Mama anaendelea kupona nyonga, ila anatembea na fimbo na anaichukia kweli.

Ulisikia kwamba aliteleza. Hukuambiwa kwamba aliteleza mtoni akiwa na ndoo, kwa kuwa bomba letu limekauka mwaka wa pili huu. Mjomba Zwelakhe, diwani wetu, alikuja kumpa pole na mfuko wa machungwa, akasema ataunda kamati. Kaka, nilitamani kumrushia chungwa. Chaguzi zote nimempigia kampeni, na bomba likitajwa yeye ni "tusikurupuke, tuzungumze na wakubwa." Nimeuchoka upole wake.

Safari hii namuunga mkono Nobantu, yule binti wa muuguzi, anayegombea bila chama. Lakini watu wamekata tamaa. Napiga hodi mlango kwa mlango, nafukuzwa. Juzi Mama Nosakhele kaniambia, "Wee, hebu kalipigie kura hilo bomba! Wote ni walewale." Na wanaume mliojiandikisha hapa mko mbali. Kuja kuzika mnasafiri usiku kucha, kuja kupiga kura, ah!

Ndipo nikapata wazo. Shughuli ya kumrudisha baba nyumbani, kuiita roho yake ije ilinde ukoo, tumeiahirisha mno. Nimeipanga Jumatano ya kura, maana ni sikukuu na hakuna bosi wa kusingiziwa. Ng'ombe yupo, ni yule mweusi. Ukoo mzima umekubali kuja, hata wa Rustenburg, umebaki wewe tu. Nikatangaza pia kwamba asiye na wino kidoleni hapati pombe, atakunywa maji, na maji hayapo! Mama akawaka: "Pombe ya baba yako haiwekewi bawabu! Marehemu umemfanya mpiga debe wako?" Nilinywea. Sharti nimelifuta, tarehe nimeiacha ileile.

Mjomba naye akasikia watu wanakuja, akadhani nawakusanya kwa ajili yake, akajitolea hema. Nikamwambia wazi kwamba nampinga. Unajua alijibu nini? "Sawa, mwanangu, tutazungumza." Na hema kalileta! Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, maana nampenda, na hata kugombana naye haiwezekani. Tangu hapo usingizi sina.

Msalimie sana wifi Zintle na wanangu wote wawili. Shangazi Nokuzola anakusalimu, anauliza viatu ulivyomwahidi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana jioni mama, ambaye hajapiga kura tangu baba afariki, aliniita nimtafutie kitambulisho chake. Sikuthubutu kumuuliza atampa nani. Kituo ni mbali kwa mtu wa fimbo, na gari la mjomba amelikataa. Mimi nikajitolea kumshika mkono, naye akanikataa pia. Anasema atakwenda kwa mkono wa mwanawe mkubwa, na asipofika huyo, hatoki nyumbani.

Mungu na wazee wetu wakulinde njiani.

Dada yako akupendaye, anayekusubiri langoni,
Nomahlubi