Anataka Bluberi Zangu Aoke Kobla ya Harusi ya Binti Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijafanya jambo ambalo mji mzima utalisimulia. Mimi ni mwokaji, nina duka langu hapa karibu na Machias, nililianzia kwenye jiko la nyumba ya kupanga baada ya mume wangu Royce kuondoka, leo nina oveni tatu na wafanyakazi wanne na hakuna aliyenishika mkono, na wilaya hii ukitaja pai ya bluberi umenitaja mimi. Sasa binti yangu Maren anaolewa Jumamosi ijayo kwenye ukumbi wa wakulima, wageni mia moja na arobaini, na kitindamlo amempa nani aoke? Paulette. Mke wa baba yake. Mtu wa New Jersey, ambaye alipofika huku hakujua hata kwamba bluberi za porini ni vitunda vidogo kama shanga, alikuwa akinunua yale madude ya dukani, makubwa kama gololi, maji matupu.

Angekuwa anaoka kitu cha maana ningenyamaza, lakini anaoka kobla! Unayeyusha siagi kwenye trei, unachanganya unga, sukari na maziwa, kila kimoja kikombe, na unga wa kuumulia kidogo, unamimina rojo hilo juu ya siagi, unatupia bluberi, unaingiza kwenye oveni, unakwenda kutazama televisheni. Hata kuzikoroga hizo bluberi hukorogi! Kinyunya changu mimi hukilaza kwenye baridi, nakisukuma kwa mkono, nasuka vipande vya juu kimoja kimoja kama nywele za bibi harusi, lakini kwenye chakula cha maharage cha kanisani, ambapo kila mtu huleta chombo chake na jina lake kwenye utepe chini, trei ya Paulette hurudi imekwanguliwa na pai yangu hubaki nusu. Mwezi wa nane nilimwuliza mzee Elwin mbele ya watu, "Elwin, hebu sema, pai yangu ina kasoro gani?" Akajibu huku akiramba kijiko, "Haina kasoro, Glenda. Ndiyo maana naogopa kuikata." Watu wakacheka mpaka wakagonga meza, na Paulette akanipapasa bega, "Usijali, mpenzi, yangu hii hata mtoto anaweza." Mpenzi! Sentensi hiyo ninayo kooni hadi leo, haishuki wala haitoki.

Nilipomwuliza Maren sababu, akasema, "Mama, siku hiyo sikutaki jikoni. Nataka ukae mezani, karibu yangu." Nikamwambia, "Nikae kama mgeni, nimtazame Paulette akigawa?" Akasema, "Haya, tumeshaanza," akachukua funguo za gari akaondoka.

Sasa sikia hili. Juzi Paulette kaja dukani kwangu, wateja wamejaa, anasema kwa sauti ya upole ile inayoniudhi, "Glenda, nakuomba. Baridi ya mwezi wa tano iliunguza maua, bluberi za porini hazipatikani popote, na Maren hataki za dukani. Nimesikia friza yako imejaa." Imejaa, ndiyo. Ni za mwaka jana, nilizichuma mwenyewe kwa reki ya mkono, ile yenye meno kama kitana, nimeinama kwenye nyika zinakoota mpaka kiuno kikagoma. Nikamwambia nitafikiria.

Lakini sikufikiria, nilipiga hesabu. Trei moja inalisha watu kumi na wawili, kwa hiyo zinatakiwa trei kumi na mbili, ukumbi unafunguliwa mchana wa siku hiyohiyo, oveni yake inameza mbili tu kwa mkupuo, na kila mkupuo ni karibu saa nzima, maana yake meza za nyuma zitaletewa kobla wakati wapiga muziki wanafunga vyombo vyao. Yeye hajui, hajawahi kuoka zaidi ya trei moja. Nikimnyima, ataoka madude yake na kila mtu ataonja tofauti. Nikimpa nikanyamaza, ataaibika vilevile. Na moyo wangu, mshauri, nakwambia ukweli, moyo wangu unachekelea. Nimpe au nisimpe? Usifiche jina langu, hata ukilificha watanijua kwa pai.

Glenda Dorr


Glenda,

Pole. Kuachwa kunauma, na kumwona aliyekuja baada yako akikombewa trei mbele ya majirani zako ni chumvi kwenye kidonda. Uone wivu, sikukatazi. Nakukataza kuukabidhi funguo za friza.

Wewe ni hodari wa hesabu, lakini hii moja umeiruka. Mwanao amekuambia anataka ukae karibu yake, nawe umesikia tusi. Mtoto huyu amekua akiutazama mgongo wako, umeinamia oveni sikukuu baada ya sikukuu, ili yeye ale na avae. Siku moja tu ameomba auone uso. Paulette amepewa kazi, mama. Wewe umepewa kiti. Kati yenu wawili, nani wa kumwonea mwenziwe wivu?

Na hiyo aibu unayoisubiri kwa hamu, unadhani itamwangukia nani? Meza za nyuma zikikosa kitindamlo, hakuna atakayesema mtu wa New Jersey kashindwa. Watasema harusi ya Maren ilikuwa na njaa, na mama yake ana oveni tatu.

Kuhusu pai, acha kujitesa. Kwenye chakula cha kanisani mtu huchota kobla mara ya pili bila jirani kujua. Kipande cha pili cha pai kila mtu anakiona kikiondoka. Pai yako haijashindwa, imepelekwa mahali pasipo pake. Ipeleke Krismasi.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujafunga duka, mpigie Paulette. Mpe bluberi zote anazohitaji, na umwambie asiziyeyushe, maana zikiyeyuka zitatoa maji na rojo litageuka rangi ya matope. Azimwage zikiwa bado na barafu, na avumilie oveni muda mrefu kidogo. Mwambie idadi ya trei. Hesabu ile uliyoificha, mpe yote. Kisha mfungulie oveni zako tatu Jumamosi asubuhi, na mmoja wa wafanyakazi wako amwonyeshe swichi zilipo. Wewe usivae aproni. Usionje rojo. Mkono utakuwasha kutaka kukoroga. Utie mfukoni, nenda kwa msusi.

Halafu mpigie Maren, umwambie neno moja tu: "Nitakaa." Usiongeze la pili, nakujua.

Jioni sahani ikija mbele yako, usiikague kwa jicho la mwokaji. Kula, umalize, na mwanao akikunyanyua mcheze, nyanyuka. Jikoni kutakuwa na rundo la vyombo vichafu mpaka darini. Viache.